Maembe ya Shimo la Ndizi

Alhamisi, 10 Oktoba

Gidioni ameleta embe shuleni. La kwanza msimu huu! Hapa Nyabusozi maembe yetu bado ni ya kijani na magumu kama mawe, lakini yeye ana mjomba Murusagamba, na mjomba ana mwembe unaoiva kabla ya miembe ya watu wengine wote. Kwa nini mtu kama Gidioni apewe mjomba pia? Tayari ana urefu. Ana meno. Ana jezi namba tisa.

Embe alimpa Irine. Mbele ya watu! Alilitoa mfukoni, akalipangusa kwa shati, akamwambia dada karibu msimu, kana kwamba msimu ni wa kwao. Irine akalimenya kwa meno. Maji yakamtiririka mpaka kwenye kiwiko, akayafuata kwa ulimi, akacheka, akasema tangu azaliwe hajala tamu kama hilo. Mimi nilikuwa dawati la nyuma yake nikisoma Historia. Nilisoma mstari mmoja mpaka kipindi kikaisha.

Ubaya ni kwamba amelileta leo hii hii. Madam Domisiana, mwalimu wetu wa Kiswahili, ametangaza mdahalo na shule za Ngara, huko huko Ngara, Jumamosi ya wiki ijayo. Mada: simu za mkononi ziruhusiwe shuleni. Sisi tunapinga. Msemaji mkuu ni Irine, hilo halina ubishi. Msemaji wa pili atamchagua yeye mwenyewe Ijumaa ijayo, kati yangu na Gidioni.

Kukaa meza moja na Irine! Kumpitishia karatasi za hoja, yeye azisome, atikise kichwa kukubali! Sijawahi kutaka kitu kama hiki, hata ule mwaka niliotaka kamusi.

Kwa haki, nafasi ni yangu. Nimeandika hoja za kupinga mpaka kalamu imeisha wino. Sina simu, kwa hiyo napinga kwa moyo wote. Gidioni anayo, anaificha kwenye soksi. Atapingaje?

Lakini hoja hazitiririki mpaka kwenye kiwiko. Hilo nimelielewa leo. Lazima nipate maembe. Mazuri kuliko ya Gidioni, na mengi.

Jumamosi, 12 Oktoba

Nimekwenda gulioni Bisibo kwa baiskeli ya Babu. Nimerudi na vumbi mpaka kwenye nyusi.

Mama Bonifasia anauza matunda pembeni ya wauza mihogo mikavu, juu ya gunia. Nikamsalimu shikamoo, nikaulizia maembe yaliyoiva. Akaitikia marahaba mwanangu, lakini umechelewa. Machache yaliyoiva yalichukuliwa yote asubuhi na kijana mmoja mrefu. Kijana mzuri, mcheshi, amemchekesha mpaka akamwongeza na moja la bure.

Gidioni! Ana mjomba na bado anakuja kumaliza ya gulioni!

Nikafikiri, kumbe siri ni kucheka. Nikamchekea Mama Bonifasia. Akaniuliza kama jino linaniuma.

Nikanunua mabichi, kapu zima. Mengine aliyakonyoa vikonyo pale pale mbele yangu, utomvu ukawa unachuruzika. Akaniambia niyaache kwanza yakauke, niyaoshe, maana utomvu wa embe bichi una hasira. Sikumsikiliza vizuri. Nilikuwa naangalia pale pembeni ya gunia palipokuwa na maembe yaliyoiva, sasa pakiwa na nzi tu.

Njiani nimepata wazo. Kitabu cha Biolojia kinasema tunda linaloiva hutoa gesi, na gesi hiyo huivisha matunda mengine yaliyo karibu. Gidioni hajui hilo. Gidioni hakifungui kitabu cha Biolojia ila pale penye picha.

Jumapili, 13 Oktoba

Wazo limetekelezwa!

Babu Audax anatengeneza rubisi, pombe yetu ya ndizi. Shangazi Claudia anaposwa Jumamosi na wageni hawawezi kunyweshwa chai. Shimo la ndizi limeshachimbwa nyuma ya nyumba na kupashwa moto. Leo baada ya misa amepanga ndizi humo juu ya majani ya mgomba, ameacha tundu la kupulizia moshi, na alikuwa bado hajafukia. Kisha akaitwa kwenye kikao cha jumuiya. Akatuambia mimi na Koleta tulinde mbuzi wasisogee, na mtu yeyote asitie mkono shimoni, hata kama ni Padre.

Koleta ni mdogo wangu. Yuko Kidato cha Kwanza, na mdomo wake uko chuo kikuu. Nikamtuma kisimani.

Nikayazika maembe yote chini kabisa, chini ya ndizi. Nikapanga kila kitu kilivyokuwa. Babu amerudi, amefunika majani, amefukia udongo, ameketi juu ya kinu akitazama kazi yake kwa kuridhika. Mimi pia nimeketi nikiitazama kwa kuridhika.

Atafukua Alhamisi jioni, amesema. Kwa hiyo Alhamisi alfajiri mimi nitapitisha mkono pembeni, nitoe yangu, nifukie. Hakuna atakayejua.

Jumatatu, 14 Oktoba

Gidioni ameleta embe jingine. Leo amelikata vipande ili kila mtu wa karibu apate. Kwa rula. Rula yangu! Aliniazima kwa heshima kabisa, nikadhani ni kwa Jiometri.

Irine alipata kipande kikubwa. Kisha Gidioni akaniletea na mimi. Nikakataa, nikasema nimeshiba. Kikaliwa na mtu mwingine mbele ya macho yangu. Kilikuwa na rangi ya kiini cha yai.

Rula inanata. Nimeilamba kidogo. Kwa uchunguzi tu. Ni kweli, ni tamu sana. Nimezidi kumchukia.

Jumatano, 16 Oktoba

Msiba.

Nimerudi shuleni nikakuta wanaume uani wanaimba. Babu aliona mawingu, akaogopa mvua isiingie shimoni, akafukua leo. Leo! Ndizi zilikuwa zimeiva vizuri, zimemenywa, zimetupwa kwenye ule mtumbwi wa mti wa kukanyagia, nyasi zimechanganywa, na Babu yuko ndani amekunja suruali mpaka magotini, anakanyaga. Hakuna mtu Nyabusozi nzima anayekanyaga kama Babu. Watu huja kumtazama.

Nikauliza kwa sauti ndogo kama shimo limefukuliwa mpaka chini kabisa. Koleta akasema ndiyo, na yeye ndiye aliyekuwa akipokea makapu, na mengine hakuangalia sana kilichomo.

Nikataka kusema kitu. Kabla sijakipata, Babu alikanyaga kokwa.

Ndizi haina kokwa. Mguu wa Babu umekanyaga ndizi maisha yake yote na haujawahi kukutana na kitu cha namna hiyo. Uliteleza kwenda mashariki, Babu akabaki magharibi, kisha akakaa. Chap! Katikati ya juisi, mpaka kifuani. Wimbo ukakatika. Babu akapapasa chini yake, akatoa embe lililopasuka, akaliinua juu kila mtu alione. Akauliza tangu lini mgomba unazaa maembe.

Koleta alinielekeza kwa mdomo tu.

Babu hakunipiga. Alisema kwa kuwa nimezoea kutia mkono wangu humo, sasa nitie na miguu. Nimekanyaga mpaka jioni, na kila nilipokanyaga kokwa wazee walipiga makofi. Mmoja akamwambia Babu kwamba mjukuu wako anacheza kama kuku aliyekanyaga majivu ya moto.

Lakini! Maembe machache yalibaki salama kwenye kapu, hayakumenywa. Nimeyaficha chini ya kitanda. Kwa nje yana manjano upande mmoja, kijani upande mwingine, na yananukia moshi na kidogo pombe. Bado yananatanata. Nimeyapangusa kwa shati, kama anavyofanya Gidioni.

Alhamisi, 17 Oktoba

Nimefika shuleni kabla ya mtu yeyote, nikayaweka kwenye dawati la Irine. Nilikuwa nimeandika na kikaratasi cha maneno machache, lakini nilipokisoma tena masikio yalipata moto. Nikakila. Nikakaa mahali pangu, nikafungua Historia.

Irine amekuja, ameinua kifuniko, akapiga kelele ya furaha. Akainua maembe juu, akauliza nani huyu mwema. Darasa zima likageuka.

Likageuka kwa Gidioni!

Nami nilikuwa pale pale, nyuma yake, hatua moja! Nikasubiri Gidioni akane. Gidioni akanitazama, akatazama maembe, akanitazama tena, akatabasamu, akanyamaza. Mwizi! Irine akasema asante kaka Gidi, sasa umezidi. Saa ya mapumziko amekula matatu kwa chumvi na pilipili, tena na maganda yake, na akasema haya yana ladha ya ajabu, kama yametoka kwenye sherehe.

Yametoka kwenye sherehe ya shangazi yangu! Yametoka chini ya makalio ya babu yangu! Na shukrani zimekwenda Murusagamba!

Nilitaka kusimama niseme. Nilisimama. Madam akauliza nina swali gani. Nikasema naomba kwenda msalani.

Ijumaa, 18 Oktoba

Leo ni siku kubwa kuliko zote maishani mwangu, na nusu yake ilikuwa nzuri.

Irine ameingia darasani amefunika mdomo kwa kitenge. Alipokitoa watu wakashtuka. Midomo imevimba, imechubuka pembeni, imekuwa mikubwa kama ya mtu anayepuliza tarumbeta. Zahanati wamemwambia ni utomvu wa maembe mabichi, asiongee sana, apake mafuta, apumzike kwa siku kadhaa. Alijaribu kutusalimu. Ikatoka kama mtu anayeongea ndani ya ndoo.

Darasa likamgeukia Gidioni tena, safari hii bila tabasamu. Gidioni akasema jamani, maembe ya jana si yake. Hawakumwamini hata kidogo! Wakamwambia jana ulipokea asante, leo pokea na hii. Wakamuuliza ya nani basi. Akasema hajui.

Nakiri nilifurahi. Nilimhurumia Irine, ndiyo, sana. Lakini furaha ilikaa juu na huruma ikakaa chini, na sikuwa na nguvu ya kuzibadilisha.

Ndipo Madam Domisiana akaingia, akasema Irine ataje msemaji mwenzake. Irine hawezi kutaja, akachukua chaki. Akaandika ubaoni.

ILDEFONCE.

Jina langu! Kwa mwandiko wake! Akaandika na chini yake kwamba amesoma hoja zangu na alikuwa ameshaamua tangu Jumatatu. Tangu Jumatatu! Kabla ya embe langu hata moja!

Nililitazama lile jina mpaka macho yakatoa machozi. Kisha Madam akaja karibu na Irine, akamtazama midomo, akasema mwanangu, utasimama mbele ya watu wa Ngara useme nini na mdomo huo? Akachukua dasta. Akasema mdahalo ni kesho, hakuna namna. Watakwenda Ildefonce na Gidioni.

Irine amelia. Kimya kimya, kwa sababu kulia kwa sauti kulimuuma midomo.

Jumamosi, 19 Oktoba

Ngara na kurudi, nyuma ya pikapu ya parokia, juu ya magunia ya maharage, bega kwa bega na Gidioni. Hii ndiyo safari niliyoiota wiki nzima. Kila kitu kilikuwepo. Barabara, milima, karatasi za hoja magotini. Kasoro mtu mmoja.

Mdahalo: nilisimama. Ukumbi ulijaa. Nikasema Mheshimiwa Mwenyekiti. Nikasema tena Mheshimiwa Mwenyekiti. Hoja zote zilikuwa mkononi lakini macho yalikataa kushuka. Nikasema mara ya tatu, na mwenyekiti akasema tumeshamfahamu mwenyekiti, endelea. Watu wakacheka.

Gidioni akasimama, akazichukua karatasi zangu taratibu, akawaambia ndugu yangu huyu ndiye aliyeandika, mimi ni spika yake tu, na spika haina simu. Wakacheka tena, lakini kicheko kizuri. Akazisoma vizuri kuliko nilivyoziandika. Tumekuwa wa pili. Simu ilikuwa kwenye soksi yake muda wote.

Kabla ya kurudi akapita sokoni, akanunua embe moja lililoiva, akalikata nusu. Safari hii nilikuwa na njaa, nikapokea. Halikuwa na nyuzi. Halikuwa na moshi. Maji yalinitiririka mpaka kwenye kiwiko.

Juu ya magunia nikamuuliza kwa nini Alhamisi alinyamaza. Akasema alijua ni yangu. Alikuwa amesikia kwa mzee mmoja jinsi Babu Audax alivyoketi juu ya embe kwenye rubisi. Alinyamaza kwa sababu aliniona nimegeuka rangi, akaona wakinigeukia wote kwa pamoja nitazimia. Na jana? Jana angenitaja, wangenila mzima. Akasema yeye wamemzoea, kesho kutwa watasahau. Akalala usingizi, kichwa begani mwangu.

Kwa hiyo pia ni mwema! Urefu, meno, jezi, mjomba, na sasa wema! Sijawahi kumwonea mtu wivu kama nilivyomwonea nikiwa nimebeba kichwa chake kutoka Ngara.

Jumapili, 20 Oktoba

Wageni wa Shangazi Claudia walikuja jana. Posa imekubaliwa. Koleta anasema waliomba rubisi ya pili na ya tatu, wakasema hawajawahi kunywa yenye harufu nzuri hivyo, wakamuuliza Babu anatia nini. Babu akasema ni siri ya ukoo.

Siri ya ukoo! Ni siri yangu! Leo kanisani wazee wamempongeza mlangoni, na yeye anapokea tu kwa mikono miwili. Nimesimama pembeni nikiwa nimeshika kofia yake.

Jumatatu, 21 Oktoba

Irine amepona kiasi. Sasa midomo ni ya mtu wa kawaida aliyekasirika kidogo. Saa ya mapumziko amegeuka nyuma, akageuza na kiti. Kuelekea kwangu! Akasema Koleta ameeleza kila kitu pale bombani, shimo, kapu, kokwa, kila kitu.

Nilifungua Historia. Akaifunga.

Akasema maembe yalimchoma, na mdahalo umempita, na usiku wa Alhamisi alinitukana bila kunijua. Sasa ananijua na hasira imeisha. Mdahalo mwingine ni mwakani, hapa hapa kwetu, na msemaji wake wa pili ni mimi. Ameshamwambia Madam. Lakini ana sharti. Akasema sitaki maembe, Ilde. Sitaki tunda lolote. Gidi huleta kwa sababu anapenda kugawa, angeweza kumgawia hata mbuzi. Wewe unachotakiwa ni kitu kimoja. Ukiingia asubuhi, unitazame, uniambie Irine, habari za asubuhi. Basi. Ukiweza hilo kila siku, mwakani utaweza hata Mheshimiwa Mwenyekiti.

Akanitazama akisubiri. Nikatikisa kichwa kwamba nimeelewa. Akasema hata sasa unaweza kuanza. Kengele ikalia, namshukuru Mungu.

Jioni nzima nimelifikiria jambo hili kwa utulivu na kwa haki. Nimejaribu mbele ya kioo cha Shangazi Claudia. Irine, habari. Irine, habari za. Masikio yakawaka moto. Nimejaribu kwa mbuzi, nikafika mbali kidogo. Kisha nimekumbuka kwamba Gidioni humsalimu hivyo hivyo kila siku, bila aibu, na hata hapumui katikati. Sasa nitamzidi vipi kwa kitu anachokifanya bure?

Hapana. Irine ni msichana mwenye akili lakini hili hakulipima. Ameomba jambo gumu mno.

Nimeuliza-uliza. Zambarau zitaanza kuiva mwezi ujao. Zina kokwa dogo, hazina utomvu, na mjomba wa Gidioni hana hata mti mmoja.